Marejea mwitu kandoni mwa pesheni: shajara ya shamba dogo, Vitongoji, Pemba

Februari 4

Asubuhi hii, jua halijawa kali, nimekwenda njia ya ufukweni kuchuma mbegu za marejea mwitu. Yako mengi ukingoni mwa njia, pale mawe ya uwanda yalipojitokeza na hakuna anayejisumbua kulima. Ukitikisa tawi lililokauka, maganda yanalia kama kayamba, kwa kuwa mbegu zimeshaachana na ganda na zinagongana ndani. Naupenda mlio ule. Waliompa mmea huu jina la kitaalamu, Crotalaria, nao waliusikia: jina hilo limetokana na neno la Kigiriki la ala ya kugonganisha mkononi. Ukoo wake una spishi zaidi ya 600 duniani, na nyingi ni za Afrika. Huyu ni mwenyeji. Wageni hapa ni karafuu, ni pesheni, ni huo muhogo wenyewe.

Nimerudi na kifuu kimoja kimejaa mbegu.

Nieleze kwa nini nahangaika na mmea ambao kila mtu hapa anaufyeka. Nyuma ya nyumba nina kichanja cha pesheni ya manjano, mashina manne, yanaingia mwaka wa tatu. Yanachanua mpaka ua wote unanukia, lakini msimu mzima uliopita nimevuna matunda kumi na tisa. Mashina manne, matunda kumi na tisa! Na hayo mengi nimeyachavusha mwenyewe kwa kidole, kila siku baada ya kusali adhuhuri, kwa sababu pesheni ya manjano haifungui maua yake asubuhi. Yanafunguka mchana, yanafunga usiku, na lile ambalo halikupata chavua linadondoka.

Kuchavusha kwa mkono ni kazi ya heshima. Wakulima wa vanila wanaifanya, maana vanila haina mdudu wake huku, na njia wanayotumia aliigundua mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Kijiti na kidole gumba, basi. Lakini pesheni haihitaji mimi niwe mdudu wake. Mdudu wake yupo Pemba: ni yule nyuki mkubwa mweusi mwenye mkanda wa manjano mgongoni, anayetoboa miti, ambaye wengine humwita nyuki seremala. Anapita juu ya paa langu kila siku akivuma. Swali langu ni kwa nini hashuki.

Februari 11

Nimekaa juu ya jiwe njia ya ufukweni kuanzia saa tatu mpaka saa nne asubuhi, daftari mapajani. Kwenye mafungu matatu ya marejea, nyuki weusi wametua mara kumi na nne. Huenda mmoja alirudi mara tatu, siwezi kuwatofautisha, lakini ni mara kumi na nne. Mchana wa siku hiyo hiyo nimekaa chini ya kichanja changu, saa saba mpaka saa nane. Amekuja mmoja, akazunguka, akaenda zake.

Nyuki wa asali walikuwepo wengi, na kwa pesheni hao ni hasara. Ua la pesheni limejengwa kwa ajili ya mdudu mkubwa. Mbochi, yale maji matamu ya ua, iko chini, chavua iko juu imeelekea chini, kama dari iliyopakwa chokaa mbichi juu ya mlango mfupi: mkubwa akiinama kunywa, mgongo wake unafuta chokaa. Mdogo anapita chini bila kugusa, au anapanda moja kwa moja kwenye chavua, anaikomba yote na kuipeleka mzingani.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi. Pesheni yangu inachanua kwa vipindi, lakini nyuki mweusi anaishi na kula mwaka mzima. Kwa nini ahamie kwangu nikimpa chakula wiki sita, kisha nimwache na njaa mpaka vuli? Anakaa pale penye chakula cha kila siku. Kwa hiyo chakula cha kila siku nitakileta nyumbani.

Machi 2

Mbegu za marejea ni ngumu kama changarawe. Nimezigawa mafungu matatu ya mbegu arobaini arobaini. La kwanza nimelipanda hivyo hivyo, kavu. La pili nimelimwagia maji ya moto yaliyokwisha kutulia na kuliacha usiku kucha. La tatu nimelisugua baina ya vipande viwili vya msasa mpaka mng'ao wa mbegu ukapotea, ndipo nikaliroweka katika maji ya kawaida.

Machi 12

Zilizopandwa kavu: zimeota tano. Za maji ya moto: ishirini na mbili. Za msasa: thelathini na nne. Nitasugua zote.

Miche nimeiweka kwenye vifuu vilivyotobolewa msumari chini. Udongo ni ule mweusi wa chini ya mwembe, nusu kwa nusu na mchanga. Samadi sikutia kabisa.

Machi 30

Nimepanda. Miche thelathini na sita, mita moja baina ya shina na shina, upande wa kusi wa kichanja ili ikikua ivunje upepo kidogo. Mahali pote pana jua kuanzia asubuhi.

Jambo moja nililiangalia kabla ya uzuri wa mahali: mbuzi. Marejea mwitu yana sumu inayoharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Mtu akitaka kupanda na ana mifugo inayozurura, atie ua kwanza. Mimi nimezungusha makuti mapya upande wa njia, na mbegu zilizobaki nimezifungia kwenye kopo juu ya kabati. Yale marejea yanayopandwa bara kama mbolea ya kijani ni ndugu yake wa karibu, wala mtu asichanganye akadhani kila aina inaliwa.

Ami, ambaye shamba lake la tungule na biringani linapakana na langu, amenikuta nashindilia udongo.

"Mwanangu, hilo jani la njiani umelileta mpaka uani?"

"Ndiyo, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Haya. Mimi nalifyeka tangu nina meno ya utoto."

Amekaa kidogo, akaniuliza bei ya mbegu za matango mjini Chake, akaondoka. Hakusema neno jingine juu ya marejea, lakini aliyaangalia.

Aprili 21

Masika. Mvua ya siku nne mfululizo. Miche mitano imeoza shingo, pale chini maji yanapotuama. Imebaki thelathini na moja. Nimechimba mfereji.

Mei 19

Mche mmoja umekatika kwa upepo, nikaung'oa niangalie mizizi. Imejaa vinundu, vingine vidogo kama punje ya uwele, vingine vimegawanyika kama vidole vya mtoto. Nimekata kimoja kwa wembe. Ndani ni chekundu, wekundu wa nyama mbichi, na kidole changu kimebaki na doa. Wekundu huo ndio dalili kwamba bakteria walio ndani wanafanya kazi, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kinundu kilichokufa huwa cha kijivu au kijani ndani. Ndiyo sababu sikutia samadi: jamii hii ya kunde ikikuta naitrojeni tele udongoni, inakuwa haina haja ya kujenga vinundu.

Udongo wetu wa upande huu wa kisiwa ni mwembamba, shubiri moja ya udongo kisha jiwe. Wenye udongo wao mzito wa kinongo upande wa magharibi hawajui tabu hii. Kwangu mimi kinundu kile chekundu ni habari kubwa kuliko ua.

Imebaki thelathini.

Juni 23

Ua la kwanza! Nimeliona kabla ya jua kutoka.

Halifanani na ua la pesheni hata kidogo. Linaning'inia kwenye kikonyo chake kama ndege mdogo aliyeshika tawi kwa mdomo. Petali ya juu imesimama wima, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na ndani yake pana mistari myembamba ya kahawia inayoshuka kuelekea kitovuni, kama njia zilizochorwa za kumwonyesha mgeni mlango. Chini pana mbawa mbili, na baina ya mbawa hizo pamefichwa kitu kama jahazi dogo lenye omo iliyochongoka na kujipinda.

Nimebonyeza mbawa kwa kucha mbili, taratibu, kwa uzito ambao nadhani nyuki angekuwa nao. Kwenye ncha ya omo pakatoka uzi wa chavua ya rangi ya chungwa, kama mtu anayekamua dawa ya meno. Nikaachia, ukarudi. Nikabonyeza tena, ukatoka mwingine. Ua linatoa chavua kidogo kidogo, kila mgeni na fungu lake, na mdudu mwepesi hana uzito wa kulifungua. Nzi alitua, akatembea juu ya mbawa, hakupata kitu.

Na chavua hiyo inamgusa nyuki tumboni, wakati ile ya pesheni inamgusa mgongoni. Nyuki mmoja anaweza kubeba mizigo yote miwili kwa siku moja na isichanganyike. Nimekaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa.

Julai 7

Wamekuja. Wanakuja kila asubuhi kuanzia saa mbili, watatu au wanne kwa pamoja. Lakini wamekuja na jikoni pia. Mmoja ametoboa pau ya banda la jiko, tundu la mviringo safi kama lililopigwa kekee, linaingia kidole changu cha mwisho. Unga wa mbao unaanguka chini.

Mama ameniita. "Mwanangu, huu unga unaingia kwenye mchuzi. Ama wao, ama mimi humu."

Watu huwatia petroli tunduni. Nimeona nyumba ya jirani wakifanya hivyo mwaka jana na nilinyamaza. Safari hii nimemwomba Mama siku tatu. Nimekata tawi kavu la mwembe lililoanguka, unene wa paja, vipande viwili, nikavitundika chini ya upenu wa banda la kuni, mahali pakavu, panapopata jua la asubuhi, hatua kumi na tano kutoka kwenye marejea. Nimetoboa mashimo manne ya mwanzo kwa kekee, ya kuwaonyesha tu. Lile tundu la jikoni nimesubiri mpaka mwenye nalo alipotoka kwenda kula, nikaliziba kwa mti na kuipaka pau nzima rangi ya mafuta. Mbao iliyopakwa rangi hawaipendi.

Mama anaogopa pia kwa ajili ya watoto. Nimemwonyesha yule wa manjano mwili mzima, mwenye manyoya, anayesimama angani mbele ya uso wa mtu kana kwamba anataka ugomvi. Huyo ni dume, na dume hana mwiba. Jike anao, lakini mpaka umshike. Mama amesikiliza. Magogo bado hayana mpangaji.

Julai 16

Siku mbaya.

Nilikwenda Chake kwa shughuli ya skuli, nimerudi alasiri. Mpwa wangu amekuja likizo, ana miaka kumi na nne, mtoto mwenye bidii. Amenipokea njiani, panga mkononi, anatabasamu. "Mjomba, nimekusafishia."

Mashina ishirini na mbili yamelala chini, yamekatwa usawa wa kifundo cha mguu, na maua yake. Yamebaki manane, yale ya mwisho, kwa sababu aliitwa kula.

Sikumkaripia. Hakuna aliyemwambia, na macho yake yamefundishwa na sisi sote kwamba kinachoota bila kuitwa ni gugu. Nimekaa juu ya ndoo. Yeye ameona uso wangu, akaelewa, akalia. Nikamwambia aje tukusanye matawi tuyalaze pembeni, tutayatandaza chini ya kichanja yakishakauka.

Julai 18

Nimeandika maneno mengi leo, kwa sababu sijapata kuona kitu kama hiki.

Saa nne asubuhi mpwa wangu amekuja kuniita. Lile rundo la matawi yaliyonyauka limefunikwa na vipepeo. Wa rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe, wale wa kawaida tunaowaona kila mahali, lakini thelathini na zaidi kwenye rundo moja! Hakuna ua hata moja lililobaki hai pale, kwa hiyo hawakufuata mbochi. Tumechuchumaa karibu kabisa, hawakuruka. Walikuwa wanakwaruza shina lililonyauka kwa kucha za miguu, kisha wanakunjua mrija wa mdomo, wanaacha tone dogo la maji juu ya mkwaruzo, wanalivuta tena. Tone, kuvuta. Tone, kuvuta. Mmoja alifanya hivyo mahali pamoja mpaka kivuli cha mshelisheli kikamfikia.

Nilikuwa nimewahi kusoma juu ya jambo hili bila kulitilia maanani. Sumu ile ile inayoua ini la mbuzi, kipepeo huyu dume anaitafuta. Anaigeuza manukato ya kumvutia jike, na inayobaki mwilini inamfanya awe mchungu kwa ndege. Mmea uliokatwa na kunyauka ndio unaoitoa kwa wepesi. Dume anajulikana kwa doa jeusi la ziada katikati ya bawa la nyuma: jike ana matatu, yeye ana manne. Nikamwambia mpwa wangu ahesabu madoa.

Amehesabu vipepeo kumi na wawili, mmoja mmoja, akiwa amelala kifudifudi, kidevu kwenye mchanga.

"Manne, manne, manne... Mjomba, wote wanaume."

Tangu leo yeye ndiye mwenye daftari la kuhesabu.

Agosti 25

Mvua ya mchoo imesaidia. Kati ya visiki ishirini na mbili, kumi na saba vimechipua, na kila kimoja kimetoa matawi matatu au manne badala ya moja. Ufupi wake umekuwa faida, kusi haliviyumbishi.

Sitakata yote kwa pamoja tena, lakini nimejifunza kukata. Nitapunguza mashina mawili au matatu kila baada ya miezi miwili, ili wakati wote pawe na yanayochanua, yanayochipua, na tawi moja linalonyauka kwa ajili ya vipepeo.

Septemba 8

Maua yamerudi. Viwavi wamekuja nayo, weusi wenye alama nyeupe na nywele chache, wanatoboa maganda mabichi na kula mbegu. Mama yao ni nondo mdogo mweupe mwenye vidoa vyekundu na vyeusi, mzuri kama kitambaa cha kilemba. Kwa kuwa mbegu nnazo za kutosha koponi, nimewaacha. Sipulizi kitu.

Leo pia chozi wa Pemba ametua kwenye tawi la marejea, dume, kifua cha zambarau kinabadilika rangi kila akigeuka. Ndege huyu hapatikani Afrika bara. Sijui kama alikuja kwa ua au kwa viwavi. Alikaa kama dakika moja.

Ami alikuwa upande wa pili wa makuti akipulizia tungule dawa. Hapo ndipo nimemwomba kitu nilichokuwa nakiogopa kumwomba tangu Juni: apulize jioni, karibu na magharibi, nyuki wakishalala. Nimemweleza kwa nini yeye mwenyewe ana faida. Ua la tungule na la biringani linafunga chavua yake kwenye vifuko vyenye tundu dogo nchani. Upepo unatikisa kidogo, lakini nyuki mweusi analikumbatia ua na kuvuma mpaka chavua inamwagika kama chumvi kwenye kikopo. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo.

Ami amesema, "Ule mvumo wa asubuhi kwenye biringani? Nikidhani wanagombana."

Tukakumbushana habari za popo. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye hayupo pengine popote duniani, alikuwa akiwindwa na kuliwa hapa mpaka akakaribia kwisha, na leo watu wanakwenda Kidike kumtazama tu. Ami anakumbuka mwenyewe kumla. "Ilikuwa ndiyo nyama," akasema. Amekubali kupuliza jioni.

Oktoba 27

Vuli, na pesheni imefunguka. Saa saba na robo mchana, juu ya kichanja: nyuki weusi sita kwa wakati mmoja. Migongo yao imepakwa manjano kama waliopita chini ya dari mbichi. Naandika huku mkono unatetemeka kwa furaha.

Novemba 10

Maua yanaanguka. Si yote, lakini mengi mno. Nyuki wapo, wanafanya kazi, nimeona kwa macho yangu, na bado chini ya kichanja asubuhi pamejaa maua yaliyonywea.

Bwana shamba amepita, akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: mashina haya yametoka wapi? Matatu nilinunua, ni vipandikizi vya pingili, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa ni vya mashina mbalimbali. La nne liliota lenyewe kwa mbegu pembeni, chini ya mshelisheli, limedhoofu kwa kivuli. Pesheni ya manjano haikubali chavua yake yenyewe, wala ya ndugu aliyekatwa kutoka shina moja naye, kwa kuwa huyo ni yeye yule.

Nimejaribu. Nimeleta maua kwa baiskeli kutoka kwa jamaa yangu wa Wawi, nikachavusha maua kumi kwa chavua ya Wawi na kumi kwa chavua ya shina la pili la hapa hapa, nikafunga nyuzi za rangi mbili.

Novemba 17

Uzi mwekundu, wa Wawi: vitunda vinane. Uzi mweupe, wa nyumbani: hakuna hata kimoja.

Kwa hiyo yale kumi na tisa ya mwaka jana yote yalipatikana kwa huruma ya lile shina dhaifu la pembeni. Aliyeniuzia nimekwishasikitika naye moyoni, inatosha. Leo tumekata matawi mawili ya mshelisheli ili shina la nne lipate jua, na nimepanda miche miwili ya mbegu kutoka Konde, imeshafika magotini. Nyuki walikuwa tayari kuozesha, mimi ndiye niliyekuwa nimewaletea bwana harusi na bibi harusi wa tumbo moja.

Januari 19

Shina la nne limeamka kwa jua. Vitunda vilivyoshika mpaka leo ni sabini na vitatu, mpwa wangu amehesabu mara mbili kabla hajarudi skuli. Vya kwanza vimeanza kubadilika rangi. Miche ya Konde imefika juu ya kichanja lakini haijachanua.

Ami amekuja na vifuu sita, amevitoboa mwenyewe msumari. Anataka miche ya kuweka ukingoni mwa biringani, upande ambao mbuzi hawafiki. Nimempa mbegu na kipande cha msasa, nikamwonyesha kiasi cha kusugua.

Februari 9

Mwaka umetimia. Marejea ishirini na nne yako hai, saba kati ya hayo ni katika yale manane yasiyoguswa na panga, na sasa naona yamechoka kuliko yaliyokatwa. Nitayakata nusu mvua ikikaribia.

Magogo niliyoyatundika Julai yamekaa miezi yote hii matupu, mpaka Mama akataka kuyachoma kuni. Jana jioni, nilipopita kuchukua muundu, nimeona unga mwepesi wa mbao juu ya jani la mgomba chini ya gogo la kushoto. Hakuingia kwenye shimo nililomtobolea. Amechimba lake, upande wa chini, mahali mvua haifiki.

Leo alfajiri nimebandika sikio kwenye gogo, kisha nikamwita Mama naye akabandika lake. Ndani mnatafunwa, taratibu, krr, kimya, krr. Mama amesimama pale na khanga yake mpaka jua likatoka.